Makala mapya kila siku nane: Bingwa aliyenukuliwa kote kumbe alikuwa akipika hesabu

Mzazi mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ameniuliza swali ambalo nadhani linawakera wengi wenye watoto katika vyuo vikuu. Bintiye anasomea shahada ya uzamifu katika sayansi. Kila akija nyumbani likizoni mazungumzo yake ni "kuchapisha" na "kunukuliwa", asubuhi hadi jioni. Juzi amemwomba mama pesa, tena si haba, eti za kulipia makala yake yatoke katika jarida la ng'ambo. Mama anauliza: Je, mtoto huyu anasoma au ameingia biashara ya magazeti? Na hao wanaomnukuu ni akina nani?

Swali lako ni zuri, mama, na jibu lake ni refu kidogo. Vuta kiti.

Mwanasayansi akimaliza utafiti huandika makala na kuyapeleka kwa jarida la kitaalamu. Mhariri huwapa wataalamu wawili watatu wa fani hiyo wayachambue, na aghalabu mwandishi hawajui ni nani. Yakipita, huchapishwa. Baadaye mwanasayansi mwingine, awe Nairobi au Tokyo, akiyatumia katika kazi yake ni sharti ataje alikoyatoa. Huko kutajwa ndiko kunakoitwa kunukuliwa. Makala yakinukuliwa mara mia, maana yake ni kwamba makala mengine mia yameyataja.

Zamani hakuna aliyekaa kuhesabu mambo hayo. Aliyeanza kwa bidii ni Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza iundwe orodha ya kuonyesha nani amemnukuu nani. Kufikia 1964 orodha yenyewe ilikuwa imeanza kuchapishwa, mabuku mazito ya kuwekwa maktabani. Kisha mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akabuni kipimo ambacho siku hizi hutajwa kama alama za mtihani. Hebu nikueleze kwa mfano wa shamba. Una miembe 20. Unaipanga kuanzia unaozaa zaidi. Ukikuta miembe 6 ambayo kila mmoja umezaa maembe 6 au zaidi, lakini huwezi kupata miembe 7 yenye maembe 7 kila mmoja, basi alama yako ni 6. Badala ya miembe weka makala, na badala ya maembe weka idadi ya kunukuliwa. Ndiyo hiyo tu.

Hapa kwetu pia mambo ni hayo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo mwaka 2014 kuhusu kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na machapisho ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Kwa hivyo bintiyo hana kichaa. Anajua mkate wake uko wapi.

Kufikia hapo hakuna ubaya. Kipimo ni kipimo. Hata gorogoro ni kipimo, na tumelitumia miaka na mikaka kununua mahindi. Lakini kila mama ajuaye soko anajua kwamba kuna gorogoro lililobonyezwa kitako kwa ndani, ukafika nyumbani ukapima upya na kushika tama. Gorogoro la wanasayansi nalo limewahi kubonyezwa, tena mbele ya macho ya wakubwa wa fani.

KIJANA WA MAAJABU

Mwishoni mwa mwaka 1997 kijana Mjerumani aitwaye Jan Hendrik Schön, aliyezaliwa 1970 na ambaye ndio kwanza alikuwa amepata shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Konstanz, aliajiriwa katika Maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani. Hiyo si maabara ya kubahatisha. Ndimo ilimobuniwa transista mwaka 1947, kidude kilichozaa redio ya mkononi na baadaye kompyuta.

Kazi ya Schön ilihusu maada, yaani vitu vinavyotumiwa kuundia vitu vingine. Kompyuta zetu hutegemea silikoni, ambayo hutokana na mchanga. Wataalamu walikuwa wakiota kwamba siku moja fuwele za kemikali za jamii ya kaboni, zilizo laini na rahisi, zingeweza kufanya kazi ya silikoni. Wengi walikuwa wamejaribu, wakaambulia patupu au kidogo tu.

Schön akaja na habari njema moja baada ya nyingine. Mara fuwele zake zimepitisha umeme bila kipingamizi chochote. Mara zimetoa mwanga wa leza. Mwaka 2001 akatangaza kwamba yeye na wenzake wameunda transista ya molekuli moja tu, kitu kidogo ambacho jicho la binadamu haliwezi hata kukiwazia. Makala yake yalikuwa yakitoka katika Science na Nature, majarida mawili ambayo mwanasayansi wa kawaida akitokea humo mara moja maishani hualika jamaa na marafiki. Mwaka huo wa 2001, ukigawanya siku kwa makala yaliyokuwa na jina lake, unapata makala mapya kila siku nane.

Kila siku nane! Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika, tena mambo ya nyumbani yasiyohitaji maabara, ukurasa huu mmoja wa wiki hunitoa jasho. Lakini watu wenye shahada ukutani hawakuona ajabu, au waliona wakanyamaza. Tuzo zikamiminika, mbili Ujerumani mwaka 2001 na nyingine mwaka 2002 kutoka kwa chama cha Marekani cha watafiti wa maada, kilichomtaja kuwa mtafiti kijana aliyetia fora. Idadi ya waliomnukuu ikapanda kama unga kwenye chachu.

Ukumbuke pia hali ya mwajiri wake. Lucent, kampuni iliyomiliki maabara hiyo, ilikuwa taabani kifedha na ilikuwa ikiwaachisha kazi maelfu ya watu. Kijana anayeletea nyumba sifa wakati wa njaa, nani atamwuliza anakotoa?

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo panaponiuma. Huko Marekani na Ulaya wanafunzi wa uzamifu na watafiti chipukizi walisoma makala hayo, wakaenda kwa maprofesa wao, wakakubaliana kuyarudia majaribio na kuendelea kutoka hapo. Siri ya mafanikio, kwa mujibu wa Schön, ilikuwa utando mwembamba wa oksaidi ya alumini uliopakwa juu ya fuwele. Wenzake walipaka. Wakiongeza nguvu za umeme, utando unapasuka. Wanapaka tena, unapasuka tena. Mwezi, miezi sita, mwaka. Schön alisema mashine yake ya kupakia iko Konstanz, katika chuo chake cha zamani, na watu wakaanza kuizungumzia kama kwamba ina jini ndani yake.

Walioshindwa walifanya nini? Wengi walinyamaza. Mwanafunzi akishindwa kurudia kazi ya bingwa, wa kwanza kumshuku ni yeye mwenyewe. Labda mikono yangu mizito, labda kemikali zangu chafu. Isitoshe, ni jarida gani litakalochapisha makala yasemayo "tulijaribu, haikuwezekana"? Ila waliokuwa wakijaribu, katika kila walichoandika, walimtaja Schön kama ilivyo ada. Basi kushindwa kwao kulizikwa kwenye madaftari, na kunukuu kwao kukaingia kwenye hesabu yake. Orodha ya kunukuliwa haina safu ya waliopoteza miaka miwili. Yenyewe ilikuwa ikihesabu imani ya watu, na kila aliyeiangalia alidhani inahesabu ukweli.

MITETEMO ILIYOFANANA

Mambo yaliharibika majira ya kuchipua ya mwaka 2002. Profesa Lydia Sohn, wakati huo akiwa Princeton, na mwenzake Paul McEuen wa Cornell, waliangalia grafu za makala mawili tofauti ya Schön, yaliyohusu majaribio tofauti. Wakaona jambo la kuwasimamisha.

Ukipima umeme ukauchora kwenye grafu, hupati mstari ulionyooka kama rula. Mstari hutetemeka kidogo huku na huku, mfano wa mwandiko wa mzee mwenye baridi. Mitetemo hiyo ni ya kubahatisha, na ukipima mara ya pili itakuwa mingine. Ni kama kuanika shuka mbili uani siku mbili mbalimbali, mvua ikanyesha manyunyu. Zote zitakuwa na matone. Lakini ukikuta kila tone la shuka hii limeanguka pale pale lilipoanguka kwenye shuka ile, utajua kuna mtu aliyechora.

Grafu za Schön zilikuwa na mitetemo ile ile. Alipoulizwa alisema amekosea tu, ameambatisha picha isiyo yake. McEuen akaendelea kupekua, akapata nyingine, na nyingine.

Maabara ya Bell iliunda kamati ya watu watano, ikiongozwa na Profesa Malcolm Beasley wa Stanford. Kamati ikaomba vitu viwili ambavyo hata fundi cherehani angeweza kuvitoa: daftari la vipimo na vifaa vyenyewe. Daftari halikuwapo. Kumbukumbu za kompyuta Schön alisema alizifuta kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Vifaa vilikuwa vimeharibika au vimetupwa. Katika madai 24 yaliyochunguzwa, kamati iliona kwamba angalau 16 yana ushahidi wa udanganyifu. Grafu nyingine hazikutokana na kipimo chochote, bali zilichorwa kwa hesabu za kompyuta kisha zikapambwa. Ripoti ilitolewa Septemba 25, 2002, na kijana akafutwa kazi papo hapo. Yeye alikiri makosa, ila akashikilia kwamba maajabu yale aliyaona kwa macho yake.

Science ikayafuta makala 8 mwaka 2002. Nature ikayafuta 7 mwaka uliofuata. Mwaka 2004 chuo cha Konstanz kikamvua shahada yake ya uzamifu. Hapo pana jambo la kukufanya ukune kichwa: shahada yenyewe haikuonekana kuwa na udanganyifu. Chuo kilisema tu kwamba mwenendo wake wa baadaye haumstahili mtu mwenye hadhi hiyo. Schön akaenda kortini, akashinda mara moja mwaka 2010, kisha akashindwa daraja baada ya daraja hadi mahakama ya katiba ya Ujerumani ilipofunga mlango mwaka 2014. Miaka kumi ya mvutano, msomaji. Inazidi hata kesi zetu za mashamba.

Na wale waliotia majina yao pamoja na lake kwenye makala? Wote kamati iliwaondolea lawama ya udanganyifu, akiwemo Bertram Batlogg, mwanafizikia mwenye jina kubwa ambaye jina lake lilikuwa likiyapa makala hayo uzito. Kamati iliuliza tu, kwa upole, kama mkubwa wa aina hiyo hakupaswa kuchungulia zaidi. Mimi si mpole kiasi hicho. Ukimdhamini mtu mkopo kwenye chama cha akiba, akitoroka watakuja kwako. Sioni kwa nini sifa igawanywe kwa wote na aibu ibebwe na mmoja.

MAKALA YA MZEE GOODENOUGH

Usije ukasema sasa kwamba wanasayansi wote ni walaghai. Chukua simu yako ya mkononi, hiyo hiyo unayotumia M-Pesa, uigeuze nyuma ilipo betri.

John Goodenough alizaliwa mwaka 1922. Utotoni kusoma kulimtatiza, na alipotoka jeshini baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaenda kusomea fizikia Chicago, profesa mmoja alimwambia kwamba umri wa kuanza umempita. Mwaka 1980, akiwa Oxford na akielekea miaka 60, yeye na wenzake watatu walichapisha makala kuhusu oksaidi ya lithiamu na kobalti, wakionyesha kwamba inaweza kutumika katika betri na kutoa nguvu za volti 4. Jarida lilikuwa Materials Research Bulletin. Hakuna aliyealika jamaa kwa sababu ya kutokea humo. (Kobalti nyingi ya dunia, kwa taarifa yako, huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Hayo ni makala ya siku nyingine.)

Mwishoni mwa mwaka 1982 huko Japani, mtafiti wa kampuni ya Asahi Kasei, Akira Yoshino, alikuwa akihangaika kutafuta kitu cha kukamilisha betri yake. Akayasoma makala ya Goodenough. Akajaribu kilichoandikwa mle, na kikafanya kazi. Hakuhitaji mashine yenye jini. Kufikia 1985 Yoshino alikuwa na betri iliyo salama zaidi, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuziuza. Leo ziko katika simu, kompyuta za kubeba na magari ya umeme.

Chuo cha Oxford hakikutaka kugharamia hataza ya ugunduzi huo, na haki zikaishia kwa maabara ya serikali ya Uingereza. Mzee hakupata hata senti ya mauzo ya betri. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2019, pamoja na Yoshino na Stanley Whittingham, akiwa na umri wa miaka 97, mkongwe kuliko yeyote aliyewahi kuipokea. Alifariki Juni 2023, ikibaki mwezi mmoja atimize miaka 101. Makala yake kwa jumla yalipita 500, na kama ni kunukuliwa alinukuliwa sana. Ukimweka kwenye mizani pamoja na Schön mwaka 2001, ukatazama nani anatoa makala haraka, kijana alimshinda.

Sasa nakurudia wewe mama, na pesa za bintiyo. Tatizo hili halijaisha, limebadilisha nguo tu. Mwaka 2023 pekee makala zaidi ya 10,000 ya kisayansi yalifutwa duniani, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika mwaka mmoja. Na kwa kuwa watu wanahesabiwa makala, wamezuka wafanyabiashara wanaofungua majarida ya uongo. Unalipa dola, makala yanatoka baada ya siku chache, hakuna aliyeyasoma. Mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, aliwahi kuweka orodha ya majarida ya aina hiyo hadi ilipoondolewa mwaka 2017. Windo lao kubwa ni vijana wa nchi kama zetu wanaohitaji chapisho ili wafuzu au wapandishwe cheo. Mtu analipa karo, analipa kodi ya nyumba, kisha anatoa pesa za mahari kulipia makala ambayo kamati ya chuo itayatupa.

Hata hivyo usimkatalie mtoto kabla ya kumsikiliza, maana kuna majarida ya heshima ambayo pia hutoza ada ili kila mtu asome makala bure. Baadhi hupunguza au kusamehe ada hiyo kwa watafiti wa nchi zisizo tajiri, mradi mwandishi aombe mapema. Muulize ameomba? Muulize makala yalichukuliwa baada ya muda gani, na wachambuzi walimrudishia maswali mangapi. Wakimjibu ndani ya siku tatu kwamba kazi yake ni bora na alipe kesho, funga kibeti. Wakimrudishia kurasa mbili za maswali magumu akalia usiku kucha, hapo pana uhai.

Na msimamizi wake je, anajua ni jarida gani? Akisita kujibu, mwambie aende maktaba ya chuo kabla hajatuma hata shilingi, amwonyeshe mkutubi jina la jarida. Kulichunguza ni sehemu ya kazi ya mkutubi, na halipiwi.